Kijana wako anatengeneza tovuti? Jua kinachomuumiza kabla hajanunua dawa

Mzazi wa Kiomboi anaijua kazi ngumu kwa kuitazama tu. Anayelima alizeti anarudi na vumbi miguuni, anayeshinda kwenye mashine ya kukamua mafuta ananukia kazi yake, na dereva wa bodaboda anayekwenda na kurudi Misigiri anaonekana amepigwa na jua na upepo. Lakini kijana anayejifungia chumbani na kompyuta mpakato, akitengeneza tovuti ya shule, ya nyumba ya wageni au ya mteja wa Dar es Salaam ambaye hawajawahi kuonana, haonyeshi jasho lolote. Ndiyo maana jioni akisema kichwa kinamgonga, macho yanawaka na shingo imekakamaa, jibu analopata mara nyingi ni kwamba amekaa tu tangu asubuhi, sasa amechoshwa na nini?

Jibu ni kwamba kukaa huko, kwa saa nyingi na kwa mkao mbaya, ndiko kunakochosha. Makala ya leo inawahusu wawili: wewe unayebuni tovuti na umeanza kuumwa, na wewe mzazi unayeishi na mtu wa kazi hiyo. Mengi ya maumivu haya yanamalizwa nyumbani bila gharama. Kinachoweza kugeuza tatizo dogo kuwa kubwa ni dawa iliyonunuliwa kwa kubahatisha, au dalili ya hatari iliyopuuzwa kwa kuwa kila kitu kimeshatupiwa kompyuta.

Kazi mpya, maumivu ya zamani

Tovuti ya kwanza duniani ilitengenezwa na Mwingereza Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, na ikafunguliwa kwa watu wa nje mwaka 1991. Kazi hii bado ni changa, ila maumivu yake yalijulikana zamani. Daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, ambaye kitabu chake kuhusu magonjwa ya wafanyakazi kilitoka mwaka 1700, aliongeza katika toleo la mwaka 1713 sura kuhusu makarani na waandishi. Alitaja mambo matatu yanayowaumiza: kukaa bila kuinuka, kurudia mwendo uleule wa mkono, na akili kukazwa muda wote kwa kuogopa kukosea. Toa kalamu na wino, weka kibodi na skrini, umempata mbunifu wa tovuti wa leo.

Kazi yake iko hivi. Anachora mpangilio wa ukurasa, anachagua rangi na maandishi, anaandika amri zinazoiambia kompyuta kila kitu kikae wapi, kisha anaufungua ukurasa kwenye simu na kwenye kompyuta aone kama umekaa sawa. Alama moja ikikosewa, ukurasa mzima unaweza kuvurugika, naye atakodoa macho kwenye mamia ya mistari kuitafuta. Akidhani amemaliza, mteja anatuma ujumbe saa nne usiku: rangi hii hapana, picha hii isogee, ongeza bei. Kwa anayejiajiri katika mji mdogo kuna la ziada. Mara nyingi hana ofisi wala meza, anafanyia kazi kitandani au kwenye kochi, na anasubiri usiku kwa kuwa bando la usiku ni nafuu na nyumba imetulia.

Macho yanawaka kwa sababu hayapepesi

Unapoongea na mtu, unapepesa macho takribani mara 15 kwa dakika. Kila ukipepesa, kope hutandaza machozi juu ya jicho kama mtu anayepaka mafuta kwenye ngozi. Ukikazia macho skrini, idadi hiyo hushuka, wakati mwingine hadi mara 5 au 7. Machozi yanakauka, jicho linawasha, linakuwa jekundu, na ajabu yake laweza hata kutiririsha machozi, kwa sababu mwili unajaribu kufidia ukavu. Kwa wakazi wa kanda ya kati hali huwa mbaya zaidi katika miezi ya kiangazi, upepo mkavu unapopeperusha vumbi. Ukiwa na feni inayopuliza usoni, umeongeza upepo mwingine.

Jambo la pili ni misuli midogo ndani ya jicho. Kuangalia kitu cha karibu huilazimisha kujikaza. Ikijikaza saa nne mfululizo, utaona ukungu ukiinua macho kuangalia mbali, na kichwa kitauma sehemu ya mbele. Uchovu huu haupofushi na wala hauharibu jicho moja kwa moja. Ukipumzika, unaondoka.

Tiba yake ya kwanza haiuzwi. Kila baada ya dakika 20, angalia kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Mti wa jirani au mwamba wa ng'ambo unatosha. Pepesa macho kwa kuyafumba kabisa mara kadhaa. Weka skrini umbali wa urefu wa mkono, yaani kati ya sentimita 50 na 70, na kaa ili dirisha liwe ubavuni. Likiwa nyuma yako linamulika kioo, likiwa mbele linakuumiza macho. Kuza maandishi. Usifanye kazi gizani huku skrini peke yake ikiwaka kama taa ya gari.

Ukifanya hayo kwa wiki mbili na kichwa bado kinauma kila jioni, pima macho. Watu wengi wana upungufu wa kuona ambao haukuwasumbua shambani wala dukani, lakini kazi ya skrini inaufichua. Aliyevuka miaka 40 anahitaji kipimo hicho zaidi, kwa kuwa umri huo lenzi ya jicho huanza kuwa ngumu na kusoma karibu kunakuwa taabu. Miwani sahihi yaweza kumaliza maumivu ya kichwa ambayo umeyanywea vidonge miaka miwili.

Kuhusu miwani inayouzwa kwa maelezo kwamba inazuia mwanga wa buluu wa kompyuta, usiharakishe kutoa fedha. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na taasisi ya Cochrane mwaka 2023 hayakupata ushahidi kwamba miwani hiyo inapunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi ikilinganishwa na miwani ya kawaida. Fedha hiyo itakufaa zaidi kwenye kipimo cha macho.

Mzazi, lipo jingine dogo la kujua. Baadhi ya watu, hasa wanaume, huzaliwa wakiwa hawatofautishi vizuri rangi nyekundu na kijani, na wengi hawajijui. Mwanao akilalamikiwa na wateja kuhusu rangi mara kwa mara, usimwite mzembe, mpeleke akapimwe. Hali hii haimfukuzi kwenye kazi. Atajifunza kutumia namba za rangi badala ya kutegemea macho yake.

Matone ya kubahatisha ndiyo hatari yenyewe

Jicho likiwa jekundu, wengi hukimbilia duka la dawa muhimu na kuomba "dawa ya macho". Hapa ndipo pa kuwa mwangalifu. Baadhi ya matone huwa na dawa za jamii ya steroidi, kwa mfano deksamethasoni, peke yake au ikiwa imechanganywa na dawa ya kuua bakteria. Matone hayo huondoa wekundu haraka, na mgonjwa hufurahi, hununua tena, kisha humpa na ndugu yake. Yakitumika wiki nyingi bila usimamizi, yanaweza kupandisha shinikizo ndani ya jicho na kuharibu mshipa wa fahamu wa kuonea. Huo ndio ugonjwa wa glakoma, ambao watu wengi huuita presha ya macho. Uoni uliopotea kwa glakoma haurudi. Matone hayohayo yanaweza kuleta mtoto wa jicho, na kama wekundu ulitokana na kidonda cha fangasi au virusi, yanakichochea.

Kwa hiyo, soma jina la dawa na uliza kilichomo. Kwa ukavu wa macho, kinachohitajika ni machozi bandia, yaani matone ya kulainisha jicho yasiyo na steroidi. Chupa ya mtu mmoja isitumiwe na mwingine. Na usitie kwenye jicho maziwa ya mama, maji ya sukari, majani yaliyokamuliwa wala mkojo. Jicho lililokauka ni tatizo la siku chache, ila lililotiwa vitu hivyo laweza kupata kidonda kitakachoacha kovu jeupe maisha yote.

Shingo, mgongo na mikono

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4.5 hadi 5 hivi. Kikisimama wima juu ya mabega, shingo haipati shida. Ukikiinamisha, mzigo unaongezeka. Mwaka 2014, daktari wa upasuaji wa mgongo wa New York, Kenneth Hansraj, alikokotoa kwa kompyuta kwamba kuinama kwa nyuzi 60, kama tufanyavyo tukisoma simu mapajani, huifanya shingo ibebe mzigo unaokaribia kilo 27. Huo ni zaidi ya ndoo kubwa ya maji ya lita 20. Nani angekubali kubeba ndoo hiyo shingoni saa sita kila siku?

Kompyuta mpakato ina kasoro moja ya umbo: skrini na kibodi zimeshikana. Ukiiweka chini ili mikono istarehe, shingo inainama. Ukiiinua ili shingo istarehe, mikono inaning'inia. Suluhisho ni kuvitenganisha. Nunua kibodi ya nje na kipanya, kisha inua kompyuta juu ya boksi gumu, vitabu au matofali mawili yaliyofutwa vumbi, mpaka ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho au chini kidogo. Viwiko vikunjike kama pembe ya meza, vifundo vya mikono vinyooke, mgongo uegemee, na nyayo zote mbili zikanyage chini. Kiti cha plastiki kilichowekewa mto mdogo nyuma ya kiuno kinaweza kutosha. Kitanda hakifai kabisa kwa kazi ya saa nyingi.

Kuweka kompyuta mapajani nako kuna lake. Joto la muda mrefu linaweza kuacha mabaka ya kahawia kwenye ngozi. Kwa vijana wa kiume, watafiti wa Stony Brook, Marekani, waliripoti mwaka 2005 kwamba saa moja ya kukaa na kompyuta mapajani ilipandisha joto la korodani kwa zaidi ya nyuzi 2 za Selsiasi. Haijathibitishwa kwamba joto hilo peke yake linasababisha utasa, lakini korodani hufanya kazi vizuri zikiwa na ubaridi kidogo kuliko mwili. Meza ni kinga rahisi.

Mikononi, sikiliza ganzi. Kwenye kifundo cha mkono kuna mfereji mwembamba unaopitisha mshipa wa fahamu pamoja na kano za vidole. Mshipa huo ukibanwa, utapata ganzi au mwasho kama wa sindano kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete. Mara nyingi huanza usiku, mtu akaamka akikung'uta mkono. Usidhani kila mara ni kompyuta. Wajawazito, wenye kisukari na wenye matatizo ya tezi ya shingo hupata hali hii zaidi, kwa hiyo ganzi isiyoisha ni sababu ya kupima sukari pia. Ikigunduliwa mapema, kuvaa kishikizo cha kunyoosha kifundo usiku mara nyingi husaidia. Ikiachwa miaka, misuli ya chini ya kidole gumba husinyaa na upasuaji unaweza kuhitajika.

Maumivu ya kawaida ya mgongo mengi hupungua ndani ya wiki chache, na kutembea husaidia kuliko kulala kitandani. Kinachotia wasiwasi ni mazoea ya kumeza diklofenaki au ibuprofeni kila siku ili kazi iende. Dawa hizo zinasaidia kwa siku chache, lakini zikiliwa mfululizo zinaweza kuleta vidonda vya tumbo vinavyovuja damu na kuumiza figo, hasa kwa mwenye shinikizo la damu, kisukari, au asiyekunywa maji ya kutosha. Kijana anayehitaji kidonge kila siku ili aweze kukaa kwenye kiti, cha kubadilisha kwanza ni kiti.

Saa nyingi bila kuinuka

Mwaka 2003, madaktari wa Nyuzilandi waliandika kuhusu mwanaume wa miaka 32 aliyekuwa akikaa kwenye kompyuta saa 12, wakati mwingine hadi 18, kwa siku. Damu iliganda kwenye mshipa wa mguu, kipande kikasafiri hadi mapafuni, na alinusurika kwa tabu. Tukio kama hilo ni la nadra kwa kijana mwenye afya. Linatufundisha tu kwamba misuli ya miguu ni pampu, na pampu isiyofanya kazi huacha damu ituame. Inuka kila baada ya nusu saa. Kunywa maji, yatakuinua yenyewe uende msalani.

Saa zenyewe nazo zina kipimo. Shirika la Afya Duniani, WHO, na Shirika la Kazi Duniani, ILO, yalitoa makadirio mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 17, ikilinganishwa na saa 35 hadi 40. Anayejiajiri hana bosi wa kumwambia aende nyumbani, na yuko nyumbani tayari. Hivyo saa zake hazihesabiwi na mtu. Zihesabu mwenyewe wiki moja, kwa kalamu na karatasi, uone.

WHO inashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Hiyo ni nusu saa ya kutembea kwa haraka siku tano. Mzazi, ukimtuma kijana huyu sokoni kwa miguu, unaweza kuwa umemtibu kuliko unavyodhani.

Usingizi na akili

Mteja wa Marekani bado yuko kazini wakati sisi tunalala. Kijana anayefanya kazi kwa saa zao hukesha, kisha hujaribu kulala mchana kwenye nyumba yenye jua, watoto na kelele. Ili akeshe, anakunywa vinywaji vya kuongeza nguvu. Kopo la mililita 250 laweza kuwa na miligramu 80 za kafeini, na baada ya saa tano hivi nusu ya kafeini hiyo bado inazunguka mwilini. Akinywa saa nne usiku, saa tisa alfajiri bado anashindana nayo. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, hasira za karibu na kusahau ni matokeo yanayofahamika, na kwa mwenye shinikizo la damu hali ni mbaya zaidi.

Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi, na kijana wa sekondari saa 8 hadi 10. Kama kazi ya usiku haiepukiki, iwe na mpaka: siku zinazojulikana, chumba cha kulala mchana kilichotiwa giza, na kafeini isinywewe saa sita za mwisho kabla ya kulala. Kwa mteja wa hapa nchini, kubalianeni tangu mwanzo atafanyiwa marekebisho mara ngapi na ujumbe utajibiwa saa ngapi. Makubaliano hayo yanalinda malipo, na yanalinda usingizi pia.

Tazama pia moyo wake. Kazi hii ni ya upweke. Mteja anaweza kupotea bila kulipa, na mwenye deni hapendi kusema. Kijana akianza kujitenga hata na rafiki zake, akaacha kula, akakosa usingizi hata siku asiyo na kazi, au akasema maneno ya kukata tamaa ya kuishi, usimkemee na usimwache peke yake. Kaa naye, mwulize waziwazi kama anawaza kujidhuru, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Wadogo wanaomwiga

Nyumba yenye kompyuta huwa na watoto wanaochungulia. Wengi wenu mnapenda mtoto ajifunze mapema, na ni jambo jema kwa kiasi. WHO ilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto asiyefikisha mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na mwenye miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kwa wa shule, jambo lenye ushahidi mzuri ni kucheza nje. Tafiti za Australia, China na Taiwan zimeonyesha kwamba watoto wanaokaa nje kwenye mwanga wa mchana, takribani saa mbili kwa siku, hawapati kwa wingi tatizo la kutoona mbali. Kiomboi uwanja upo na jua lipo. Usimfungie ndani na simu ili atulie.

Mtoto anayesogelea televisheni, anayebana macho, anayeinamisha kichwa upande mmoja au anayenakili vibaya kutoka ubaoni, mpime macho kabla ya kumwadhibu kwa alama mbaya.

Dalili ambazo hazisubiri

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona lolote kati ya haya:

Jicho jekundu lenye maumivu makali, au linaloumia likiona mwanga, au lililopungua kuona. Kuona kupotea ghafla, au kuona pazia jeusi likishuka.

Kichwa kuuma ghafla kwa nguvu ambayo hujawahi kuipata, au kuuma pamoja na homa na shingo ngumu, kutapika, mkono au mguu kulegea, au mdomo kupinda.

Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kukosa pumzi ghafla pamoja na maumivu ya kifua.

Maumivu ya mgongo yanayoambatana na ganzi katikati ya mapaja, miguu kuishiwa nguvu, au kushindwa kuzuia au kutoa haja.

Maumivu ya mgongo yenye homa za jioni, jasho la usiku na kukonda nayo yasitupiwe kiti. Kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye uti wa mgongo, na kinatibika kikiwahiwa.

Uanzie wapi?

Kwa mkazi wa Kiomboi, mlango wa kwanza ni kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya wilaya ya Iramba iliyopo mjini hapo. Ikihitajika rufaa, ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida. Ukienda, mweleze mganga kazi yako: unakaa saa ngapi, umbali gani kutoka kwenye skrini, unafanya kazi usiku au mchana, na dawa zote ulizokwisha kutumia, pamoja na matone. Beba chupa na maboksi yake. Maelezo hayo yanaweza kukuokoa na vipimo visivyo vya lazima.

Aliyeajiriwa ana haki zaidi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aweke mazingira salama, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inahusu hata magonjwa yatokanayo na kazi. Kwa hiyo kuomba kiti na meza inayofaa si deko. Anayejiajiri ndiye mwajiri na mwajiriwa. Malipo ya tovuti ya kwanza yatoe kibodi ya nje na kipimo cha macho kabla ya simu mpya, na sehemu iende kwenye bima ya afya.

Nawe mzazi, leo jioni pita chumbani kwake. Tazama kompyuta imewekwa wapi, taa iko upande gani, na pembeni kuna vidonge gani. Kisha umsaidie kuleta meza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ufa huu bado ni mdogo.